Tundu la Pili

Jumanne ile Bisibisi alilala akiwa amebakiza tundu moja, akaamka hana hata moja. Mtu mwingine angesema hiyo ni bahati ya mtende. Lakini yeye alikuwa fundi baiskeli wa miaka sitini na mbili, amekula chakula cha mchana na kujinyoosha saa moja tu, na kazi ambayo hakumbuki kuifanya ilikuwa imekwisha. Alikaa kwenye kigoda chake akajikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkunga wa zahanati ya jirani alikuwa na baiskeli ya fremu nyepesi ya aluminiamu, na kwenye bomba la chini kulikuwa na kishikio cha chupa kilichofungwa kwa skrubu mbili. Skrubu hizo hazishiki kwenye bomba lenyewe, maana ukuta wake ni mwembamba. Zinashika kwenye nati ndogo mbili za chuma zilizobanwa ndani ya matundu. Mkunga, kila kishikio kilipolegea, alikikaza mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na mkono wa mkunga haujui kukaza kidogo. Meno ya nati yakaliwa, skrubu zikawa zinazunguka bure, na chupa ikawa inamwangukia barabarani kila anapopita kwenye shimo.

"Mama, mtoto akikataa kutoka, unamvuta hivi hivi?" Bisibisi alimuuliza.

"Mtoto ana akili kuliko skrubu," mkunga akamjibu. "Nitengenezee, Fundi. Chupa moja ya kunywa, moja ya kunawia mikono. Kuna nyumba nakwenda, maji ya kunawa ni mpaka yatafutwe, na uchungu hausubiri."

Basi asubuhi ile Bisibisi alichukua drili akakata shingo ya nati ya kwanza. Kipande kilichobaki kikadondoka ndani ya bomba, naye akakivua kwa waya na koleo ya mdomo mwembamba, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, akakitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. Hilo kopo lilikuwa fahari yake. Tangu aanze kazi hajawahi kumwachia mteja takataka ndani ya fremu, na mtu akibisha huonyeshwa kopo. Kisha akatia nati mpya kwenye tundu, akaivuta kwa bolti na spana mbili mpaka ikajikunja kwa ndani na kung'ang'ania ukuta wa bomba. Mwisho akaipaka skrubu tone la rangi nyekundu ya kucha. Rangi ikikauka kwenye meno, skrubu hailegezwi na mtikisiko wowote.

Hiyo rangi ya kucha ndiyo iliyokuwa sahihi yake mtaani. Alipenda kusimulia kwamba aliigundua mwenyewe utotoni, kwa akili yake, wala hakufundishwa na baba yake, ambaye alikuwa fundi wa vitanda vya bomba kabla baiskeli hazijawa nyingi. Mwenye duka la vipodozi alishazoea kumuona akija kununua kichupa, na alishachoka kumuuliza mchumba ni nani.

Tundu la kwanza likaisha. Adhuhuri ikaingia. Bisibisi akasema moyoni, la pili nikiamka, akaenda kujinyoosha chumba cha ndani. Alipoamka, nati ya pili ilikuwa imekaa mahali pake, skrubu imepakwa rangi nyekundu, na kishikio kimefungwa.

"Nimefanya saa ngapi?" alijiuliza kwa sauti. Karakana ile ilikuwa chumba kimoja, mlango mmoja wa barabarani ambao hufungwa kwa komeo wakati wa kulala, na mlango mwingine wa kuingilia ndani kwake. Juu ya mlango wa ndani ilining'inia keke ya marehemu baba yake, yaani drili ya kuzungusha kwa mkono, imetundikwa kwenye msumari kama watu wengine wanavyotundika picha. Komeo lilikuwa limefungwa. Hakuna mtu aliyeingia. Basi ni yeye, akasema. Nani mwingine? Akampa mkunga baiskeli yake jioni, akapokea shukrani ambazo hakuwa na uhakika kama ni zake.

Ili ujue kwa nini jambo dogo kama hilo lilimnyima usingizi, lazima umjue dada yake.

Dada alikuwa amemtangulia kwa miaka saba. Aliolewa mbali akiwa na miaka kumi na minane, akazaa, akafiwa na mume, watoto wakatawanyika, na mwaka juzi wakamleta kwa mdogo wake kwa sababu akili ilikuwa imeanza kuvuja. Alitia chumvi kwenye chai. Vifungo vya gauni alivifunga upande, cha juu kikiingia tundu la chini. Aliuliza baba amerudi, na baba alikuwa kaburini miaka thelathini. Mchana kutwa alikaa kwenye mkeka uani, akikunja na kukunjua kitambaa kilekile. Wifi yake, yaani mke wa Bisibisi, alikuwa mpishi wa shule na hurudi saa kumi, kwa hiyo mchana walibaki wawili tu nyumbani, fundi na dada yake.

Siku moja Dada alimtazama Bisibisi akipita uani, akamuuliza kwa adabu zote, "Mgeni, umekaribishwa maji?"

Bisibisi alinywa maji aliyokaribishwa, akaingia karakana akafunga mlango akalia. Alipomaliza kulia akala kiapo. Haya mambo huenda katika ukoo, alijiambia. Siku nitakayosahau kazi ya mkono wangu mwenyewe, nafunga karakana siku hiyohiyo. Hakuwa anafanya mchezo. Dada akikosea chumvi, chai inamwagwa. Fundi akisahau kukaza breki, mtu anazikwa.

Sasa unaelewa. Jumanne ile, akilitazama tundu la pili, hakuwa anatazama tundu. Alikuwa anatazama mwisho wake.

Wiki nzima akawa anajipima. Alihesabu majirani kwa majina ya watoto wao. Alihesabu meno ya gurudumu la nyuma kwa macho yaliyofumbwa, akafungua macho akahesabu tena, yakalingana. Akafurahi, halafu akaingiwa na shaka kwamba pengine amekosea mara zote mbili. Usiku wa Alhamisi alimuuliza mkewe, "Mama watoto, Jumatatu tulikula nini?"

"Kwani unataka kurudishiwa?"

"Nauliza tu."

"Mwanamume anayekumbuka alichokula Jumatatu ndiye wa kupelekwa hospitali," mkewe akasema, akajigeuza ukutani. Baada ya muda akauliza gizani, "Halafu, baba watoto, wewe ndiye unayempaka wifi rangi ya kucha?"

"Mimi? Kwa nini nimpake?"

"Kidole gumba kimoja kina rangi nyekundu. Kimoja tu."

"Nilidhani ni wewe umempaka."

"Mimi sina rangi. Wewe ndiye bibi harusi wa nyumba hii."

Wakacheka wote wawili, na jambo likaishia hapo. Ndivyo tulivyo binadamu. Jibu limekaa kitandani pamoja nasi, sisi tunalicheka na kulala.

Jumatatu mkunga akarudi, na uso wake haukuwa wa kheri.

"Fundi, baiskeli yangu inalia tumboni. Nikipita kwenye kokoto, chakacha, chakacha. Jana nimeingia kwa mzazi, watoto wa nyumba ile wakanikimbilia wakidhani nauza aiskrimu."

Bisibisi akaiinua baiskeli akaitikisa. Chakacha. Tundu lilishazibwa na nati mpya, kwa hiyo hakukuwa na pa kuingizia waya. Ikambidi afungue pedali na ekseli ya katikati, aigeuze fremu juu chini na kuipiga makofi. Kikadondoka mkononi mwake kipande cha nati ya zamani, kimekatwa vizuri, ukingo safi. Alikitazama kama mtu aliyekuta jino lake mwenyewe sakafuni.

Mambo mawili hayakumwingia akilini. La kwanza, amefanya kazi na hakumbuki. La pili, na hili ndilo lilimuumiza zaidi, ameifanya kwa njia ambayo yeye haifanyi. Hata akiwa amelewa, na ujanani aliwahi kulewa, asingeacha kipande ndani ya fremu. Mtu anaweza kusahau kazi. Lakini anaweza kusahau yeye ni fundi wa namna gani?

"Ni uzembe wangu," alimwambia mkunga. "Nisamehe."

"Hakuna neno. Ila kwa kuwa nimeshafika, na kishikio cha pili kimeanza kucheza. Kile cha kwenye bomba la kiti."

"Umekikaza kwa kisu?"

"Nilikuwa na haraka," mkunga akasema, akaangalia pembeni.

Safari hii Bisibisi aliamua kuwa mjanja. Akatengeneza tundu la juu la bomba la kiti, akatia nati, akapaka rangi, kisha akachukua msumari na nyundo akapiga alama ya kitone katikati ya kichwa cha skrubu. Akajiwekea sharti: kila skrubu nitakayofunga leo, naipiga kitone. Nikiamka nikakuta tundu la chini limefanywa na kitone kipo, basi ni mimi na nimesahau. Kitone kisipokuwepo, si mimi. Akajiona ana akili sana. Akafunga komeo, akalitikisa mara mbili, akaenda kulala.

Aliamka akakuta tundu la chini limefanywa. Rangi ilikuwa bado mbichi, na harufu yake imejaa chumba kizima. Kitone hakikuwepo.

Alitaka kushangilia, lakini kabla furaha haijamfika kooni, wazo jingine likaja kuikaba. Mtu aliyesahau kwamba ametengeneza tundu atashindwaje kusahau kupiga kitone? Sharti lake zima lilikuwa bure. Lilimhitaji mtu mwenye kumbukumbu ili kupima kama ana kumbukumbu. Alisimama katikati ya karakana akizungukazunguka, akatazama komeo, akatazama mikono yake, akatazama keke ya baba yake ukutani. Alihisi kama ilikuwa imetundikwa kinyume, mpini upande wa kushoto. Au ndivyo ilivyokuwa siku zote? Hata hilo hakuwa na hakika nalo tena.

Akachomoa kiti, akaigeuza baiskeli, akaitikisa. Kipande kikadondoka. Safari hii hakukitia kwenye kopo. Alikitia mfukoni.

Jioni akamwambia mkewe, tena bila kuzunguka. "Nafunga karakana."

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Mikono ikasimama. "Una nini?"

"Nasahau. Nafanya kazi, nalala, nikiamka sikumbuki. Mara mbili sasa. Na ninaifanya vibaya." Akamweleza yote, tundu la kwanza, kipande, kitone. Mwishowe akasema, "Nimeanza kama Dada."

Mkewe akausukuma ungo pembeni. Kisha akasema, "Kama unasahau, mbona hujasahau sufuria niliyounguza mwaka tuliooana? Kila mwaka naisikia."

"Sitanii, mama watoto."

"Na mimi sitanii. Naogopa tu, ndiyo maana nasema ovyo." Akayafuta macho kwa upindo wa kanga. "Basi funga. Nisije nikaletewa habari kwamba mtoto wa mtu amekosa breki."

Nyuma yao, mlangoni, Dada alikuwa amesimama na kitambaa chake. "Baba amerudi?" akauliza.

"Bado, dada," Bisibisi akamjibu. Siku zote alimjibu hivyo, maana kila alipomwambia ukweli ilikuwa kama kumfisha baba upya.

Asubuhi ya pili aliteremsha ubao wenye jina la karakana, akauegemeza ndani ukiangalia ukuta. Mkunga alipokuja kuchukua baiskeli yake alikuwa na mwenzake, muuguzi kijana, naye akikokota baiskeli ya aina ileile. Zahanati ilikuwa imezinunua mbili pamoja, na kisu cha jikoni, inaonekana, kilikuwa cha kuazimana.

"Nimefunga, mama," Bisibisi akasema. "Mikono imeanza kunisahau."

Mkunga alimtazama machoni kama wanavyotazama watu wa kazi yake, bila haraka. "Mikono yako imenitengenezea matundu manne na hakuna hata moja linalocheza. Mtengenezee huyu, Fundi. Ya mwisho. Saa tisa nitaipitia mwenyewe."

Ya mwisho. Bisibisi hakuweza kukataa ya mwisho. Alilitengeneza tundu la kwanza kwa mapenzi kama mtu anayekunja nguo za msafiri. Alipoivuta nati kwa spana alihesabu mizunguko kama alivyohesabu maisha yake yote, moja mpaka saba, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini saba. Kipande akakivua, akakitia kwenye kopo. Adhuhuri ikaingia. Akafunga komeo, akaenda kulala kwa mazoea, maana mwili una saa zake.

Usingizi haukuja. Alilala chali, mikono kifuani, akitazama dari na kulia polepole, machozi yakimwingia masikioni. Alikuwa anafikiria atampa nani zile spana, ndipo aliposikia sauti karakana. Krii, krii, krii. Sauti ya meno ya chuma yanayozungushwa kwa mkono, bila umeme na bila haraka. Sauti hiyo hakuwa ameisikia tangu baba yake afe.

Bisibisi akaangalia mikono yake. Yote miwili ilikuwa juu ya kifua chake.

"Si mimi," akasema kwa mnong'ono. Akakaa. "Si mimi!" Akatamani kupiga kelele mtaa mzima umsikie. Akili yake ilikuwa nzima! Lakini kama si yeye, na komeo limefungwa, basi ni nani? Furaha na woga vikamjia kwa pamoja, akashindwa ashike kipi. Akashuka kitandani pekupeku, akanyata mpaka mlango wa ndani, akachungulia.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, gauni limefungwa upande, kanga imekazwa kiunoni, fremu ya baiskeli katikati ya magoti. Mkononi alikuwa na keke ya baba. Alikuwa akiizungusha kwa mkono mmoja na kuikandamiza kwa bega, na mikono ile iliyoshindwa na vifungo vya gauni haikutetemeka hata kidogo. Shingo ya nati ikakatika. Kipande kikaangukia ndani ya bomba, ting, naye hakushughulika nacho. Akachukua bolti, washa na nati ya kukazia, akagusa mafuta kwa ncha ya kidole, akatia nati mpya kwenye tundu, akashika spana mbili.

"Moja," akasema taratibu. "Mbili. Tatu."

Bisibisi alijikuta anahesabu naye kimoyomoyo.

"Saba. Hapo hapo. Ya nane inakata."

Akavuta droo bila kuangalia, akatoa kichupa, akapaka skrubu tone jekundu, na mabaki ya brashi akayafutia kwenye ukucha wa kidole gumba. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya msichana anayeficha jambo, "Baba asijue. Atasema naharibu rangi. Njoo ushike hapa, Njugu. Usitikise."

Njugu. Hakuna mtu aliyemwita hivyo kwa miaka hamsini. Mkewe hakulijua jina hilo. Akaenda akashika fremu alipoonyeshwa, na alipoishika, mikono ikakumbuka kabla ya kichwa.

Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa ameshika mguu wa kitanda cha bomba, na dada yake wa miaka kumi na sita alikuwa akizungusha keke hiihii. Ilikuwa saa ya adhuhuri, baba amelala. Baba hakutaka kuona mtoto wa kike ameshika keke, na siku moja alishamchapa kwa waya kwa ajili hiyo. Kwa hiyo Dada alifanya kazi baba akiwa usingizini, na Njugu alishika. Vipande vya nati vilibaki ndani ya mguu wa kitanda, maana kitanda hakitembei, nani atasikia? Na baba alipoamka akakuta kazi imekwisha, akasimama katikati ya karakana akijikuna kichwa, akauliza, "Nani kafanya?"

Walikuwa wamepatana. Njugu akasema, "Mimi."

Baba akambeba juu juu. Akamwonyesha jirani mpaka jirani. Mwanangu huyu, kwa umri huu! Siku ya pili Njugu akasema tena mimi, na ya tatu, na ya mia. Baba akaanza kumfundisha yeye. Dada akaolewa mbali. Na lile neno, kwa kusemwa sana, likageuka kuwa kweli. Alilisimulia kwa wateja miaka na miaka, akionyesha kichupa cha rangi, kwa akili yangu mwenyewe, nikiwa mtoto. Wala hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau.

Wiki nzima alikuwa amejichunguza kama ameanza kusahau. Ameanza lini? Ameanza akiwa na miaka tisa.

"Dada," akasema. "Dada, ni wewe uliyenifundisha."

"Shika vizuri," Dada akasema, akamalizia kukaza kishikio.

Mlango wa barabarani ukagongwa. Saa tisa. Dada alishtuka, macho yakamtoka, akaificha keke chini ya kanga. Akamshika Bisibisi mkono kwa nguvu ambazo hakujua kwamba bado anazo.

"Ameamka," akanong'ona. "Njugu, sema ni wewe."

"Si baba, dada. Ni mteja."

"Sema ni wewe. Atanichapa."

Bisibisi alifungua komeo. Mkunga akaingia na mwanga wa barabarani, akachuchumaa penye baiskeli, akakishika kishikio akakitikisa kwa mkono wake ule wa visu. Hakikucheza. Akatazama rangi nyekundu iliyokuwa bado inang'aa.

"Na unasema mikono imekusahau! Kazi hii nani angeifanya kama si wewe?"

Dada alimtazama mdogo wake. Midomo yake ilikuwa inaunda neno lile la zamani, ikimsaidia kulisema. Bisibisi aliona hofu ile, akaona kwamba lingekuwa jambo jepesi sana kumtuliza. Neno moja tu, alishalizoea. Hakujua kama anachotaka kufanya ni haki au ni ukatili. Akaufuata moyo tu.

"Si mimi," akasema. "La juu ndilo langu. La chini ni la dada yangu. Hata yale yako, mama, tundu la pili la kila bomba ni lake. Na hesabu ya saba ni yake, na rangi ya kucha ni yake. Mimi nilikuwa namshikia."

Dada alijikunja, akangoja kipigo. Kipigo hakikuja. Mkunga akamtazama Bisibisi, akamtazama yule mwanamke mzee mwenye gauni la upande na ukucha mmoja mwekundu, na kwa kuwa ameona mengi majumbani mwa watu, hakuuliza. Akainuka, akamnyooshea Dada mikono yote miwili.

"Ahsante sana, Fundi," akamwambia.

Dada akageuka kutazama nyuma yake ni nani anayeitwa. Palikuwa na ukuta tu, na msumari wa keke ukiwa mtupu.